Shule ya Masista Pembezoni mwa Dodoma: Tathmini ya Mzazi Asiye Mkatoliki

Shule ninayoitathmini hapa ni ya sekondari, ya bweni na ya wasichana watupu, inayoendeshwa na shirika moja la masista wa Kanisa Katoliki nje kidogo ya jiji la Dodoma. Binti yangu yuko kidato cha tatu, na kwa kuwa bado anakula na kulala pale, sitaitaja shule kwa jina. Mimi mwenyewe ni Mwanglikana wa Dayosisi ya Central Tanganyika, iliyoanzishwa hapa Dodoma mwaka 1927, kwa hiyo hakuna padre aliyenishawishi wala jumuiya iliyonisukuma kumpeleka mtoto kwa masista. Nilimpeleka kwa hiari yangu, kwa pesa yangu, na ninadhani hilo linanipa nafasi ya kusema yaliyo mema na yaliyo mabaya bila kumwonea mtu haya.

Tangu mwaka 2016 Serikali ilipoondoa ada katika shule zake hadi kidato cha nne, mzazi anayelipa zaidi ya milioni mbili kwa mwaka katika shule ya binafsi anapaswa kuweza kueleza analipia nini hasa. Wazazi wengi ninaokutana nao siku ya kutembelea wanafunzi hujibu kwamba wanalipia nidhamu na ufaulu. Kwa maoni yangu, kitu bora kuliko vyote kinachopatikana pale ni namna wasichana wanavyofundishwa kuwahudumia watu, na kitu kibaya kuliko vyote ni kanuni moja ya kitaaluma inayokwenda kinyume kabisa na huduma hiyo.

Shule yenyewe si ya kale. Mapadre wa shirika la Wapasionisti kutoka Italia, ambao Kanisa Kuu la Dodoma limepewa jina la mwanzilishi wao, Mtakatifu Paulo wa Msalaba, walijenga misheni za matofali ya kuchoma ambazo bado zinasimama. Majengo ya shule hii ni ya tofali za saruji na bati jekundu. Shule za kanisa za enzi zile zilichukuliwa na Serikali kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na seminari tu ndizo zilizobaki mikononi mwa kanisa. Mwaka 1992 Serikali ilitia saini mkataba wa makubaliano na Baraza la Maaskofu Katoliki pamoja na Jumuiya ya Kikristo Tanzania kuhusu huduma za elimu na afya, na shule nyingi za masista tunazoziona leo zimekua katika kipindi kilichofuata. Nayataja haya kwa sababu mzazi anayetarajia kukuta wazungu wenye ndevu na maktaba ya karne iliyopita atashangaa. Atawakuta masista Watanzania, baadhi yao wenye umri wa dada zangu wadogo, wanaohangaika na bei ya mahindi kama mtu mwingine yeyote.

Siku ya mwanafunzi huanza saa kumi na moja alfajiri kwa kengele. Misa huadhimishwa Jumatano, Ijumaa na Jumapili, na siku nyingine kuna masifu ya asubuhi ambayo wanafunzi wenyewe huyaongoza kwa zamu. Mwezi Mei na mwezi Oktoba husaliwa rozari jioni, Ijumaa za Kwaresima kuna Njia ya Msalaba inayopita kati ya mabweni na shamba, na Jumamosi padre mlezi hukaa kanisani kwa ajili ya wanaotaka kuungama. Ratiba hii ni nzito, na msichana asiyependa kuamka mapema atateseka katika muhula wa kwanza. Hata hivyo sala hazirefushwi kwa ajili ya kurefushwa tu. Kwaya ni nzuri kupita kiasi. Siku ya mahafali waliimba wimbo wa matoleo kwa Kigogo, wasichana wakapiga ngoma za muheme kama mama zao wanavyozipiga vijijini, na hata sisi tuliozoea tenzi za kinanda tulisimama.

Jambo lililonitia wasiwasi mwanzoni ni kama shule ingemgeuza mtoto wangu kimyakimya. Haikufanya hivyo. Katikati ya kidato cha kwanza binti yangu aliomba kuingia katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, pengine kwa sababu rafiki zake wote walikuwa huko, na jioni ileile mkuu wa shule alinipigia simu. Alianza kwa “Tumsifu Yesu Kristo, Baba”, nami nikaitikia “Milele, amina” kama mgeni anayejua adabu za nyumba, kisha akanieleza kwamba hampokei mtoto yeyote katika mafundisho bila barua ya mzazi, na kwamba kama sitaandika barua hiyo binti hataulizwa tena wala kusemwa. Sikuiandika. Mpaka leo hajasumbuliwa, anaimba kwaya, anasoma somo la Maarifa ya Biblia pamoja na wenzake, na wakati wa komunyo anabaki kwenye benchi lake bila mtu kumtazama.

Kwa wanafunzi Waislamu, ambao ni wachache, siwezi kutoa sifa hiyo yote. Hawalazimishwi kuhudhuria Misa. Saa hiyo hukaa maktaba na mwalimu wa zamu. Mwezi wa Ramadhani jiko huwawekea futari, lakini daku hakuna, kwa hiyo wanaofunga huficha kiporo cha uji wa jioni na kukinywa baridi alfajiri. Ushungi hauruhusiwi pamoja na sare. Fomu ya maelekezo ya kujiunga haisemi lolote kuhusu mambo haya, na ninaona si haki mzazi kuyagundua baada ya kulipa. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa dini yake, na shule inayojua kwamba itampokea Mwislamu ingeweza kuandika aya mbili tu katika fomu zake, ikaeleza wazi inaruhusu nini na hairuhusu nini.

Sasa nije kwenye huduma, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike.

Wanafunzi wote, wa dhehebu lolote, wamegawanywa katika jumuiya ndogondogo zenye wasichana wa vidato vyote vinne. Jumuiya moja inaitwa kwa jina la Mtakatifu Josephine Bakhita, nyingine la Mwenye Heri Anuarite, na kadhalika. Kila jumuiya imepewa kitongoji chake katika vijiji vinavyoizunguka shule, na Jumamosi baada ya chakula cha mchana wasichana hutoka wawili wawili, mkubwa na mdogo, wakiwa na sista au mwalimu anayezunguka kati ya nyumba. Utaratibu wanaoufuata ni ule wa vijana Wakatoliki wa shuleni, wa Ona, Amua, Tenda, ambao ulianzia kwa padre Mbelgiji Joseph Cardijn alipokuwa akiwalea vijana wafanyakazi, na ambao hapa kwetu umeingia kupitia TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki Tanzania. Nilikuwa nimeusikia mara nyingi kama kaulimbiu ya kwenye fulana. Pale nilikuta unafanya kazi.

Mfano nitakaoutoa nilisimuliwa na binti yangu, kisha nikaushuhudia mwenyewe nilipoambatana nao Jumamosi moja kwa ruhusa ya mlezi. Katika kitongoji chao kuna bibi asiyeona, anayeishi na wajukuu wawili. Upofu wake ulitokana na trakoma, ugonjwa ambao Dodoma, na hasa Kongwa, imeufahamu kwa muda mrefu. Mara ya kwanza wasichana walirudi wakipendekeza wampelekee unga, sukari na sabuni, kama inavyofanywa na kila kikundi chenye nia njema. Sista mlezi hakukataa, ila aliwauliza walichokiona, akawarudisha wakaone tena. Walichokiona mara ya pili ni kwamba choo kiko mbali na mlango na kwamba bibi hulazimika kumsubiri mjukuu arudi shuleni ndipo aende. Walifunga kamba ya katani kutoka kwenye mwimo wa mlango hadi chooni, juu ya vigingi walivyochonga wenyewe, na bibi sasa huishika kamba hiyo akaenda na kurudi peke yake. Unga walimpelekea pia, lakini hiyo kamba haikugharimu hata nusu ya bei ya unga.

Jambo la pili walilolifanya linahusu wajukuu. Trakoma huenezwa kwa uchafu wa macho, mikono, vitambaa na nzi wanaotua kwenye nyuso za watoto, na kunawa uso ni sehemu ya kinga yake. Lakini katika eneo linalopata mvua kati ya Desemba na Aprili tu, kumwambia mama anayenunua maji kwa dumu kwamba awanawishe watoto mara kwa mara ni kumdhihaki. Wasichana waliwatengenezea vibuyu chirizi, yaani madumu madogo yaliyoning’inizwa na kutobolewa, yanayotoa maji kidogo mtoto akikanyaga kijiti, wakawafundisha watoto kunawa uso kwa maji yasiyozidi kikombe. Mwalimu wa Biolojia aliwasaidia kwa maelezo. Hakuna aliyepiga picha. Shule inawakataza hata walimu kuwapiga picha watu wanaohudumiwa, na katika mbao zote za matangazo sikuona uso wa mwanakijiji yeyote, jambo ambalo taasisi nyingi za dini, pamoja na za kanisa langu, zingefaa kuliiga.

Kilichonigusa zaidi ni nafasi ya wasichana waliotoka vijijini hukuhuku. Darasani, ambako masomo yote isipokuwa Kiswahili hufundishwa kwa Kiingereza, wao ndio wanaokaa kimya, maana wenzao wa Dar es Salaam na Arusha wamesoma shule za msingi za Kiingereza tangu wakiwa wadogo. Jumamosi mambo hugeuka. Bibi wa kitongojini hazungumzi Kiswahili kwa raha, na msichana wa Kigogo anayejua kusalimia “Mbukwenyi” na kuongea na wazee kwa heshima inayotakiwa ndiye anayetangulia, akiwatafsiria mabinti wa mjini wanaosimama nyuma yake wakiwa wameshika ndoo. Binti yangu alijifunza kwa msichana mmoja wa namna hiyo, aliyelala kitanda cha chini yake, namna ya kupokea kikombe cha maji kwa mkubwa na namna ya kukaa chini kabla ya kuanza kuuliza maswali.

Huduma hii ina kasoro zake. Kidato cha nne huondolewa katika matembezi kuanzia Juni ili wajiandae na mtihani wa Novemba, na likizo ya mwisho wa mwaka vitongoji hubaki bila mtu. Shule haijawahi kukabidhi kazi hiyo kwa jumuiya za parokia zilizo jirani, ambazo zipo na zina watu wazima wasioondoka. Nilimwuliza sista mlezi kwa nini. Alisema wamelizungumza na paroko na bado wanalizungumza.

Maisha ya bwenini yanaonyesha kwamba utaratibu wa jumuiya hauishii vijijini. Aliyefiwa na baba yake muhula uliopita alichangiwa rambirambi na jumuiya yake kutoka kwenye pesa za matumizi, na wawili kati yao wakaruhusiwa kusafiri naye hadi Manyoni pamoja na matroni. Viranja wapo, lakini hawana mamlaka ya kuwaadhibu wenzao, na viboko, ambavyo kanuni za nchi zinaviruhusu visizidi vinne na kwa idhini ya mkuu wa shule, binti yangu hajawahi kuviona vikichapwa. Adhabu ya kawaida ni kumwagilia mizabibu. Shule ina shamba la zabibu lenye mavuno mawili kwa mwaka, zao ambalo hapa Dodoma historia yake inafungamana na wamisionari na divai ya Misa, na wanafunzi wote hufanya kazi humo kwa zamu. Kuna wazazi wanaolalamika kwamba watoto wao wanageuzwa vibarua. Sikubaliani nao, kwa kuwa saa hizo ni chache na sista mkuu mwenyewe huvaa buti akaingia shambani. Ila ningependa kuelezwa mapato ya zabibu yanakwenda wapi, wakati mchango wa chakula unapanda kila Januari.

Chakula chenyewe kinatosha: ugali na maharage, makande, mlenda mara kwa mara, wali na nyama Jumapili. Maji ni tatizo la Dodoma nzima na pale pia. Kuna kisima na matangi, na kuanzia Septemba mgao huwa ndoo moja kwa siku. Zahanati ndogo ina muuguzi ambaye ni sista. Masomo ya sayansi yana maabara mbili zinazotumika kweli. Mawasiliano na wazazi ni mabovu: matangazo hutumwa kwa ujumbe wa simu usiku wa kuamkia siku ya tukio, na ukipiga simu ofisini mchana haipokelewi.

Sasa niseme kuhusu wastani. Shule hii, kama shule nyingi za binafsi, imejiwekea wastani wake wa alama ambao mwanafunzi wa kidato cha pili lazima aufikie, juu ya kiwango cha ufaulu cha Upimaji wa Kitaifa. Asiyeufikia huitwa pamoja na mzazi wake na kushauriwa ahame. Neno linalotumika ni “kushauriwa”, lakini jina lake halionekani tena kwenye orodha ya Januari. Wizara ya Elimu imekwisha kuzikataza shule binafsi kuwakaririsha au kuwaondoa wanafunzi waliofaulu kitaifa kwa sababu ya wastani wa shule, na kila mzazi analijua katazo hilo, na kila mzazi analiona likipitwa pembeni.

Msichana aliyelala kitanda cha chini ya binti yangu, yule mtafsiri wa kitongojini, alifaulu Upimaji. Alikuwa kiongozi wa jumuiya yake katika kidato cha pili tu, jambo lisilo la kawaida. Hisabati na Fizikia zilimwangusha chini ya wastani wa shule, naye akashauriwa. Sasa yuko shule ya kata karibu na kwao. Nililiuliza jambo hili katika mkutano wa wazazi, kwa sauti na kwa adabu, na mkuu wa shule hakukasirika. “Baba,” alinijibu, “wazazi wenzako wakija kuomba nafasi, swali lao la kwanza ni tumetoa daraja la kwanza ngapi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za bibi wa kitongojini.” Ukumbi ulicheka, na nilielewa kwamba anasema kweli. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora tangu matokeo ya kidato cha nne yaliyotoka Januari 2023, lakini sisi wazazi tunaendelea kuzipanga wenyewe kwenye makundi ya simu, na shule zinatusikiliza.

Hata hivyo jibu la kweli si lazima liwe jibu linalotosha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 kuhusu elimu ya Kikristo, uliitaka shule ya Kikatoliki iwe na jamii yenye roho ya Injili ya uhuru na upendo, na uliwakumbuka waziwazi maskini na wale wasio na msaada. Masista wanaijua hati hiyo kuliko mimi. Wanawafundisha wasichana, Jumamosi baada ya Jumamosi, wamwone mtu kwanza kabla ya kuamua la kumfanyia. Kisha Desemba ikifika ofisi ya taaluma inasoma safu ya alama kwenye karatasi na kuamua bila kumwona mtu yeyote. Wanafunzi waliobaki wanayaona yote mawili, na binti yangu amewahi kuniuliza ni lipi kati ya hayo ambalo shule inaliamini, swali ambalo nilimwelekeza alipeleke kwa sista mlezi. Alilipeleka. Sista alimwambia kwamba na yeye humwuliza Mungu hivyohivyo.

Je, ningempeleka mtoto mwingine? Ndiyo, kama ni mtoto anayemudu masomo kwa wastani mzuri na anayehitaji kutolewa ndani ya nafsi yake. Mtoto anayejikongoja katika sayansi, hata awe na moyo mwema kiasi gani, nisingempeleka kabla kanuni ile haijafutwa, kwa kuwa atapenda mahali pale kisha ataondolewa akiwa na miaka kumi na mitano. Kwa mzazi anayetafuta daraja la kwanza tu, zipo shule zenye alama za juu zaidi na alfajiri fupi zaidi.

Fomu hutolewa baada ya mtihani wa darasa la saba wa Septemba, na usaili hufuata. Wanaotoka Dar es Salaam sasa huja kwa treni ya umeme na kurudi siku hiyohiyo. Siku ya usaili omba kupewa kanuni ya wastani kwa maandishi, na kama wewe ni Mwislamu uliza habari za daku na ushungi mbele ya mkuu wa shule mwenyewe, si mbele ya karani. Ada hulipwa benki kwa awamu nne. Awamu ya kwanza hutakiwa kabla ya kufungua shule Januari, na mtoto akihama, kwa kupenda au kwa kushauriwa, fedha hiyo hairudishwi.